Wakwe wa Yangdong, Vinyago vya Hahoe

Katikati ya karne ya 15, kijana mmoja wa ukoo wa Son alimwoa binti wa pekee wa bwana aitwaye Ryu Bok-ha. Kijana huyo, Son So, hakumchukua mkewe kwenda naye kwao. Alifunga virago akahamia ukweni, kwenye bonde dogo karibu na Gyeongju, mji uliokuwa makao makuu ya ufalme wa kale wa Silla. Ryu Bok-ha mwenyewe alikuwa amefika hapo kwa njia hiyo hiyo: alioa mjukuu wa Yi Gwang-ho, aliyekuwa akiishi pale kabla yake. Kisha binti wa Son So akaolewa na Yi Beon, kijana wa ukoo wa Yi, naye akaja kukaa ukweni. Hivyo ndivyo kilivyoanza kijiji cha Yangdong, ambacho leo husifiwa kuwa kijiji cha koo mbili, Son na Yi, zilizoshikilia nasaba ya baba kwa zaidi ya miaka 500. Nasaba hiyo ni ya kweli. Ila mlango walioingilia wanaume hao ulikuwa wa wanawake.

Kuhamia ukweni hakukuwa ajabu wala aibu. Katika nusu ya kwanza ya enzi ya Joseon, dola iliyoanzishwa mwaka 1392, harusi ilifanyika kwa akina bibi harusi, na mume angeweza kukaa hapo miaka mingi huku watoto wake wakikulia mikononi mwa babu na bibi mzaa mama. Sheria kuu ya nchi, iliyokamilishwa mwaka 1485, iliwapa watoto wote wa mke wa ndoa, wa kiume na wa kike, mafungu sawa ya ardhi na watwana. Tambiko la wazazi nalo lilikwenda kwa zamu, safari hii kwa kaka, safari ijayo kwa dada. Kitabu cha nasaba cha ukoo wa Gwon wa Andong, kilichochapwa mwaka 1476, ndicho cha zamani kuliko vyote vilivyosalia Korea. Kinawapanga watoto kwa kufuata aliyezaliwa kwanza, awe mvulana au msichana, kisha kinaendelea na uzao wa mabinti kizazi baada ya kizazi, hata walio wengi ndani yake si Gwon kwa jina. Kwa utaratibu huo, bonde lenye mpunga mzuri liliweza kubadilisha jina la ukoo mara mbili au tatu bila mtu yeyote kuliuza.

Son So hakuwa mkwe wa kukaa kivulini. Mwaka 1467 alishiriki kuzima uasi wa Yi Si-ae huko kaskazini, akapewa heshima ya mtumishi wa taifa mwenye sifa. Nyumba yake, Seobaekdang, bado imesimama juu ya mteremko wa Yangdong, na uani kuna mti wa mreteni wenye shina lililojisokota, ambao wenyeji husema aliupanda yeye. Wasomaji wa ardhi, wale waliochagua mahali pa kujenga kwa kutazama migongo ya milima na mikondo ya maji, walitabiri kwamba watu watatu wakuu wangezaliwa katika nyumba hiyo. Wa kwanza alikuwa mwanawe, Son Jung-don, aliyepanda hadi kuwa waziri. Wa pili alikuwa Yi Eon-jeok, aliyezaliwa mwaka 1491, mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Korea. Huyu alikuwa mtoto wa binti aliyekuja kujifungulia kwa wazazi wake, na bahati ya nyumba ya Son ikaenda kwa ukoo wa Yi. Tangu hapo, kwa mujibu wa simulizi ya kijiji, mabinti wa Son walioolewa hawaruhusiwi kuja kujifungulia Seobaekdang. Mtu mkuu wa tatu bado anasubiriwa, na safari hii akina Son wameazimia awe wao.

Hadithi hiyo watu huisimulia kwa kicheko, lakini naona ndani yake tarehe ya mabadiliko makubwa. Ni ukoo uliokwisha kuanza kumwona binti kama tundu la kuvujia mali ndio unaoweza kutunga katazo kama hilo. Babu zao wa karne ya 15 wasingelielewa.

Yi Eon-jeok alifiwa na baba akiwa mtoto wa miaka kumi hivi. Aliyemlea na kumsomesha ni mjomba wake, Son Jung-don, aliyekuwa akihamia naye kwenye vituo vyake vya kazi. Alifaulu mtihani wa serikali mwaka 1514, akaingia katika siasa za ikulu ambazo zilikuwa za kukatana shingo, akafukuzwa, akarudishwa. Mwaka 1543, alipokuwa gavana wa Gyeongsang, ilijengwa nyumba iitwayo Hyangdan ili mdogo wake, Yi Eon-gwal, aliyeacha kutafuta vyeo abaki nyumbani, apate mahali pazuri pa kumtunzia mama yao mgonjwa. Inasemwa nyumba hiyo ilikuwa na vyumba 99, wakihesabu nafasi kati ya nguzo na nguzo, maana kufika mia ilikuwa haki ya mfalme. Sehemu yake imepotea kwa moto na vita. Iliyobaki ni ya ajabu kidogo: mapaa yamebanana, viwanja vya ndani ni vidogo mno, na chumba cha mama kimewekwa ndani kabisa, karibu na kila mtu anayeweza kuitwa usiku.

Mwaka 1547 Yi Eon-jeok alipelekwa uhamishoni Ganggye, mpakani kaskazini, ambako majira ya baridi huua. Hakuwa na mtoto wa kiume wa mke wa ndoa, na ukoo ulikuwa umemteua mtoto wa kurithi, Yi Eung-in. Lakini aliyefunga safari kwenda kuishi naye huko hakuwa mrithi. Alikuwa Yi Jeon-in, mwanawe wa suria. Mtoto wa suria katika Joseon hakuruhusiwa kufanya mtihani wa serikali na hakuhesabiwa kuwa mshika tambiko. Jeon-in alikaa na baba yake hadi alipofariki mwaka 1553, akaandika waliyozungumza, kisha akasindikiza jeneza katika theluji kutoka ncha moja ya nchi hadi nyingine. Baadaye alipeleka maombi kwa mfalme hadi jina la baba likasafishwa. Mwaka 1610 kibao cha Yi Eon-jeok kiliwekwa katika hekalu la taifa la Confucius, heshima waliyoipata wachache sana. Uzao wa mrithi wa kuteuliwa ulishika nyumba kuu ya Mucheomdang pale Yangdong. Uzao wa Jeon-in ulishika nyumba ya upweke ya Dongnakdang, ng'ambo ya milima huko Oksan. Koo hupenda kusema kwamba damu ndiyo inayozishika pamoja. Hapa damu ilikuwa upande mmoja na haki upande mwingine.

Nyumba hizi zina lugha yao, na kuijua ni kujua nani alikuwa nani. Ukipita lango unakuta safu ya vyumba vya watumishi na ghala. Mbele yako ni jengo la wanaume, lenye baraza ya mbao iliyo wazi, ambako bwana alisoma, alipokea wageni na kutazama nani anapita njiani. Nyuma yake, umefichwa na ukuta au kona ya makusudi, ndio ua wa wanawake: jiko, mitungi ya soya na pilipili iliyochachushwa, chumba cha mkazamwana, chumba cha mama mkwe. Mahali pa juu kuliko pote, kwa kawaida nyuma, pana kijumba chenye vibao vya mizimu. Katika eneo la Andong na Gyeongju sehemu hizi mara nyingi huungana kuzunguka ua mmoja wa mraba, ukuta mtupu ukitazama nje, hata mwanamke aliyekuwa ndani aliona mbingu kuliko barabara.

Ndani, nyumba moja ina sakafu mbili zenye tabia tofauti. Vyumba vya kulala vina ondol: moto wa kuni huwashwa jikoni au kwenye tundu la nje, joto na moshi hupita katika mifereji chini ya sakafu, na mawe bapa yaliyoifunika hunywa lile joto na kulitoa polepole usiku kucha. Juu ya mawe ni udongo, na juu ya udongo karatasi nzito iliyopakwa mafuta. Kati ya vyumba hivyo kuna ukumbi wa mbao ulioinuliwa kutoka ardhini, wazi mbele na wenye madirisha nyuma, ili upepo wa kiangazi upite chini na katikati. Watu waliishi chini, wakikaa na kula na kulala sakafuni, na heshima ikapimwa kwa umbali wa mtu na tundu la moto: mahali pa joto zaidi palikuwa pa mzee au mgeni.

Paa ndilo lililosema kwa sauti kubwa. Vigae vyeusi vilivyopinda vilikuwa vya mabwana, tabaka la yangban. Chini yao Yangdong, au pembezoni mwao katika kijiji kingine cha yangban, Hahoe, kulikuwa na vijumba vya mabua ya mpunga vya watwana na wakulima waliolima mashamba ya koo. Yangdong vijumba hivyo vilizizunguka nyumba kubwa kwa umbali wa kuitika mtu akiitwa. Paa la mabua hudumu muda mfupi tu na lazima liezekwe upya baada ya mavuno. Paa la vigae hubaki likisubiri kusifiwa na wasanifu.

Kufikia karne ya 17 mambo yalikuwa yakibadilika. Ardhi iliyogawanywa sawa kwa watoto wote ilikuwa imekatwakatwa hadi ikatishia kuwashusha yangban kuwa wakulima wa kawaida. Wakati huohuo kanuni za tambiko za kitabu cha Zhu Xi wa China, zilizosisitiza mstari wa mwana wa kwanza, zilikuwa zimeota mizizi majumbani. Mabinti wakapunguziwa fungu, kisha wakaondolewa. Zamu za tambiko zikaisha. Kila kitu kikaenda kwa nyumba kuu ya mwana mkubwa. Bibi harusi ndiye sasa aliyefunga virago. Vitabu vya nasaba vikaanza kuwataja wavulana wote kwanza, na mkwe akabaki jina moja lisilo na kizazi. Hapo ndipo kijiji cha ukoo mmoja, tunachodhani ni cha tangu enzi na enzi, kilipopata sura yake. Yangdong hata elimu ikagombaniwa: akina Son walisema hekima ya Yi Eon-jeok ilitoka kwa mjomba wake, akina Yi wakasema alijisomea mwenyewe, na ubishi huo ukaendelea vizazi kwa vizazi kati ya majirani waliokuwa bado wakioana.

Hahoe, karibu na Andong, kina historia iliyonyooka zaidi, angalau juu juu. Mto Nakdong unapinda hapo karibu duara kamili, na kijiji kimelala ndani ya kitanzi hicho, jabali la Buyongdae likikitazama kutoka ng'ambo. Waliosoma ardhi walisema ni ua la yungiyungi linaloelea majini, ndiyo maana, eti, wakazi walikatazwa kujenga kuta nzito za mawe, lisije likazama. Kuta za kijiji ni za udongo. Nyumba hazitazami kusini kama ilivyo desturi ya Korea. Zinauzunguka mti mkubwa wa kale ulioko katikati na kuutazama mto, kila moja kwa upande wake. Wenyeji wana msemo wa kueleza waliotangulia: akina Heo walipata kiwanja, akina An wakakaa kwenye ua wake wa mbele, na akina Ryu ndio waliokula karamu. Akina Ryu wa Pungsan walifika mwishoni mwa karne ya 14. Simulizi inasema nyumba ya babu yao, Ryu Jong-hye, ilianguka kila ilipoinuliwa, mpaka alipoambiwa awahudumie wapita njia kwanza; akajenga kibanda pembeni mwa njia na kuwapa wasafiri chakula na viatu vya majani.

Mzao wao aliyejulikana kuliko wote ni Ryu Seong-ryong, aliyezaliwa mwaka 1542, mwanafunzi wa mwanafalsafa Yi Hwang. Mwaka 1591 alimpendekeza ofisa mmoja wa cheo kidogo apewe kikosi cha majini cha Jeolla. Ofisa huyo aliitwa Yi Sun-sin. Mwaka uliofuata majeshi ya Toyotomi Hideyoshi wa Japani yalitua Busan, mfalme Seonjo akakimbilia mpaka wa China, na meli za Yi Sun-sin ndizo zilizokata njia ya chakula ya adui. Ryu aliiendesha serikali katika miaka hiyo saba ya vita, kisha mwaka 1598 mahasimu wake wakamng'oa. Alirudi Hahoe, akavuka mto hadi kwenye nyumba yake ya kusomea, Okyeon Jeongsa, chini ya jabali. Nyumba hiyo ilikamilika mwaka 1586 baada ya kazi ya miaka kumi, na hakuwa na fedha za kuijenga. Mtawa wa Kibudha, Tanhong, ndiye aliyejitolea nafaka na nguo za kulipia ujenzi. Humo akaandika *Jingbirok*, kitabu cha vita ambacho hakimsafishi mtu, akiwemo mwandishi. Japani walikichapa mwaka 1695, yaani adui alikisoma kwa bidii.

Alifariki mwaka 1607 katika kijumba cha mabua. Jumba la vigae linaloonyeshwa leo kama nyumba yake, Chunghyodang, lilijengwa baadaye na wazao kwa heshima yake. Tambiko lake halina mwisho: kwa kawaida kibao cha marehemu huondolewa baada ya vizazi vinne, lakini watu wakuu wachache walipewa idhini ya kukumbukwa milele, na kila mwaka mkazamwana wa nyumba kuu hulazimika kuandaa meza ile ile. Heshima hizo zilizaa ugomvi pia. Kuanzia mwaka 1620 wazao na wafuasi wa Ryu walibishana na wa Kim Seong-il, mwanafunzi mwenzake, kibao cha nani kikae kushoto mwa kile cha mwalimu wao Yi Hwang. Ubishi huo ulidumu takriban karne nne.

Sasa, watu wa vijumba vya mabua. Hawana nasaba iliyochapwa, lakini wana vinyago. Vilichongwa kwa mti wa alder, na wataalamu huvihesabu kuwa vya enzi ya Goryeo, iliyoisha mwaka 1392, hivyo huenda ni vya kale kuliko akina Ryu pale kijijini. Simulizi inamtaja mchongaji kijana wa ukoo wa Heo, aliyeoteshwa na mungu avichonge kwa siku mia bila kuonwa na mtu. Msichana aliyempenda alitoboa karatasi ya dirisha amchungulie. Kijana akatapika damu na kufa, akiwa hajamaliza kidevu cha kinyago cha mwisho. Kinyago hicho, Imae, mtumishi mpumbavu, hakina kidevu hadi leo. Vile vya bwana, msomi, mtawa na mchinjaji vina kidevu kilichotenganishwa na kufungwa kwa kamba. Mchezaji akiinua kichwa mdomo hufunguka na uso ukacheka. Akikiinamisha, uso ule ule ukanuna.

Mchezo ulikuwa sehemu ya tambiko kubwa la mungu mke wa kijiji, lililofanyika kila baada ya miaka kumi hivi au ishara ilipotokea. Wachezaji walikuwa wakulima. Mtawa anayenyoosha mkono kwa mwanamke, kikongwe kwenye kitanda cha kufumia anayelalamikia umaskini, mchinjaji anayeuza korodani za fahali, wote hupita. Kisha bwana na msomi hukutana na kushindana. Bwana hujigamba kwa vyeo vinne vya ukoo, msomi hujibu kwa vyeo vinane. Huyu amesoma vitabu vinne vya hekima, yule vinane, ambavyo havipo. Hatimaye wote wawili hugombania zile korodani, kwa sababu wamesikia huongeza nguvu za kiume. Haya yalichezwa katika ua wa bwana halisi, kwa chakula chake, naye akitazama.

Imezoeleka kuwasifu yangban wa Hahoe kwa uvumilivu huo. Nina mashaka. Mtu anayeruhusu kuchekwa mara moja katika miaka kumi, kwa ratiba, huku kodi ya shamba ikilipwa kila vuli, hajapoteza kitu. Na mchezo wa mabwana wenyewe unaonyesha upande wa pili: usiku wa tarehe 16 ya mwezi wa saba kwa kalenda ya mwezi walikaa kwenye mashua wakinywa na kutunga mashairi, huku kamba zenye vifuko vya unga wa mkaa zikiwaka taratibu na kumwaga cheche mtoni, na matita ya matawi ya msonobari yakitupwa yakiwaka kutoka juu ya Buyongdae. Waliosaga mkaa, waliovuta kamba na kupanda jabali kwa matita mgongoni hawakuwa kwenye mashua.

Utwana na matabaka vilifutwa kisheria mwaka 1894. Tambiko la vinyago lilifanyika mara ya mwisho mwaka 1928, Korea ikiwa chini ya Japani, na mageuzi ya ardhi ya mwaka 1950 yakawapa wapangaji mashamba. Mwaka 1964 vinyago vikatangazwa hazina ya taifa na kupelekwa Seoul. Vilirudi Andong mwaka 2017. Katika miaka ya 1970, vijana waliotaka kuufufua mchezo walimpata mzee aliyekuwa amecheza kinyago cha bibi harusi mwaka ule wa 1928, na kwake wakajifunza hatua. Serikali ikaviweka Hahoe na Yangdong chini ya ulinzi mwaka 1984, Malkia Elizabeth wa Uingereza akavua viatu Chunghyodang mwaka 1999, na UNESCO ikaviandika vijiji vyote viwili katika urithi wa dunia mwaka 2010. Vijumba vya mabua sasa vinalindwa kwa sheria ile ile inayolinda nyumba za vigae, ingawa vingi vimekuwa mikahawa na nyumba za wageni.

Suala la mabinti lilichukua muda mrefu zaidi, na halikuamuliwa kijijini. Wanawake watano wa ukoo wa Yi wa Yongin waliushtaki ukoo wao baada ya ardhi ya pamoja kuuzwa na fedha kugawanywa bila kuwahesabu kuwa wanachama. Julai 2005 Mahakama ya Juu ya Korea Kusini iliamua kwamba mwanamke mtu mzima ni mwanachama wa ukoo wa baba yake sawasawa na mwanamume, awe ameolewa au la. Majaji waliongeza kuwa hukumu hiyo itafanya kazi kuanzia siku hiyo na kuendelea. Kwa yaliyopita, isipokuwa shauri la wale watano, desturi ya zamani iliachwa kama ilivyokuwa.